Mrejesho: nembo ya zabibu kavu iliyotoka na ukungu kwenye stika

Niliuliza kwa nini nembo ya zabibu zetu za Dodoma ni safi kwenye simu lakini stika zinatoka na ukungu. Asanteni sana wakuu, imepona. Shida ilikuwa faili: picha ikitumwa WhatsApp hubanwa, na yetu ilikuwa na upana wa pikseli (vidoti vinavyounda picha) 400 tu. Ukiichapa kwa sentimita 8 unapata pikseli 127 tu kwa inchi. Stika nzuri inataka 300.

Fundi wa michoro ameichora upya kwa vekta (mchoro usiopoteza ubora ukikuzwa), anatuma PDF kama dokumenti ili isibanwe. Rangi ya zambarau nayo ilififia kwa sababu skrini hutumia RGB (mwanga mwekundu, kijani na bluu) na mashine ya kuchapa hutumia CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na mweusi), hivyo dai stika moja ya majaribio kwanza. Picha ya wasifu: mraba wa pikseli 1080, nembo katikati, maana huonyeshwa ndani ya duara linalokata pembe. Jina la biashara tunalipeleka BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kulisajili.