Tupeane uzoefu: Milima ya mizeituni kusini mwa Ulaya, wewe ulipitaje na baiskeli?

Kisigino (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Nyuzi za baiskeli humu nyingi zinaishia kwenye bei ya fremu na nani kanunua nini. Leo tuongee barabara, hasa zile za kusini mwa Ulaya ambako mlima na mzeituni vimeoana: Andalusia na kisiwa cha Mallorca huko Hispania, Liguria ya Italia, Ugiriki, popote ulipowahi kukanyaga. Iwe ulikuwa na baiskeli ya mbio ya maana au ya kukodi yenye breki za kuombea dua, mwaga tu.

Naanza mimi. Nakaa Hispania, na kiwanja changu ni mkoa wa Jaén, hukohuko Andalusia. Kwa asiyeujua, pale kuna mizeituni zaidi ya milioni 60. Ukipanda milima ya Sierra Mágina ukageuka nyuma, unachoona ni mistari ya miti mpaka macho yanachoka. Watu wakisikia neno mlima wanadhani watapanda kitu kimoja kirefu, wapige picha juu, wateremke. Thubutu! Vilima vya Jaén haviishi. Unapanda kilomita mbili, unashuka moja, kona, unapanda tena, na hupati hata kipande cha tambarare cha kunywea maji kwa raha. Nilipokatiza kutoka Albanchez de Mágina kwenda Torres, pale barabara inapojikunja kwenye ubavu wa jabali, nilijiandaa kuteseka na sikuteseka sana. Kilichonimaliza ni mashamba ya chini, yale yanayoonekana ya kawaida kabisa kwenye ramani.

Halafu kivuli. Mzeituni ni mti, lakini usiuhesabie kivuli. Imepandwa kwa kuachana, inapogolewa, na barabarani haifiki. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40 na lami inakurudishia lote usoni. Miezi hiyo natoka gizani, na saa nne asubuhi niko mgahawani nakula mkate wa kuchoma wenye nyanya na mafuta, nimemaliza siku. Miezi ya kujidai ni Machi, Aprili na Oktoba. Mei ina balaa lake, nawaachia wengine waseme.

BintiKisauni

Kaka Kisigino, la Mei nalisema mimi. Mizeituni inatoa maua, chavua inajaa hewani, na mwenye mzio anapanda mlima huku pua imeziba na macho yanatiririka. Nilidhani ni mafua ya kawaida mpaka mfamasia wa pale Úbeda akanicheka, akaninyooshea kidole dirishani kwenye vilima. Tangu hapo Andalusia naenda vuli.

Mimi mtu wa Mallorca zaidi. Safu ya Serra de Tramuntana iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, na sababu moja ni zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji kuzuia udongo, zikibeba mizeituni ya zamani yenye mashina yaliyojisokota. Unaipita ukiwa mwendo wa kobe kwa hiyo unapata muda wa kuikagua mmoja mmoja. Wenyeji wanapenda kuipa majina ya wanyama, huu ngamia, ule joka.

Kila mtu atakwambia nenda Sa Calobra. Nenda, ila elewa mpangilio wake: barabara ni moja tu, inaishia baharini. Kwa hiyo unaanza na mteremko, na ukifika chini huna ujanja, lazima upande kilekile ulichoshuka, karibu kilomita 9.5 kwa wastani wa asilimia 7. Ilijengwa mwaka 1932 na mhandisi Antonio Parietti, na kuna mahali barabara inajizungusha mpaka inapita chini ya yenyewe. Kushuka unaona wenzako wanapanda, nyuso zimekunjamana, unajiambia sitakuwa hivyo. Subiri.

Ushauri wangu: fika mapema sana au jioni. Kati ya saa tano na saa tisa mabasi ya watalii yanashuka, na basi likikutana na basi kwenye kona, waendesha baiskeli wote wanasimama ukutani wakipumua moshi. Nimewahi kusimama hapo na Mjerumani mmoja mzee anayekula ndizi kwa utulivu kama yuko sebuleni kwake. Aliniambia yeye anapanda mara mbili kwa siku. Sikumuuliza kwa nini.

Ngosha_Mteremko

Niko Mwanza, sijawahi kufika huko, nasoma tu. Swali dogo: nimeona mahali wanasema lami ya huko inateleza kwa sababu ya mafuta ya zeituni. Hii ni kweli au ndiyo stori za vijiweni?

MshonaNyavu

Ndugu Ngosha, ni kweli, na mimi nakujibu kutoka upande wa pili wa barabara.

Mimi ni mtu wa Bukavu, nipo Hispania miaka mingi, na msimu wa zeituni nafanya kazi mashambani Jaén. Kuvuna kunaanza kama Oktoba mwishoni au Novemba na kunaweza kuvuka Januari. Tunatandika nyavu chini ya mti, mashine inashika shina na kulitikisa, halafu sisi tunapiga matawi kwa fimbo ndefu kuangusha zilizogoma. Kazi ngumu kwa mabega kuliko mnavyofikiri. Tukijaza, trela inakwenda kiwandani kukamuliwa siku hiyohiyo, maana zeituni zikikaa zinaharibika na mafuta yanakuwa mabaya.

Sasa fikiria trela linaloruka kwenye matuta. Zeituni zinamwagika, gari la nyuma linazikanyaga, na lingine, na lingine. Karibu na kiwanda lami inakuwa na utando wa rangi ya kahawia iliyoiva, unang'aa hata bila mvua. Ukiinama unaona kokwa zimepondwa na kujikandika kwenye vijishimo vya lami. Ongeza tope: trekta zinatoka shambani na udongo wa mfinyanzi kwenye magurudumu, zinauacha kwenye kona. Ikinyesha manyunyu tu, sio mvua kubwa, hapo ndipo ninyi mnaanguka. Mvua kubwa walau inasafisha. Nimeshasaidia kuinua waendesha baiskeli kadhaa, wote kona ileile ya kushuka kuelekea kiwandani, na wote walinionesha kwanza baiskeli kabla ya goti.

Mnaopita wakati wa mavuno: ukinusa harufu kali kama ya uchachu, ujue kiwanda kiko karibu, punguza mwendo kabla ya kona na usibane breki ukiwa umeilaza baiskeli kwenye kona. Na mkituona tumekaa kando tunakula, salimieni. Wengi mnapita mkiangalia saa tu.

BintiKisauni

@MshonaNyavu shikamoo kaka. Hilo la manyunyu nalichukua kama lilivyo.

Likoni_Express

Hahaha, la kuonesha baiskeli kwanza ni kweli tupu.

Mimi niko Genoa, mambo ya bandari, na wikendi natoroka kuelekea magharibi, upande wa Imperia na Sanremo. Huko zeituni ni ndogondogo, aina ya Taggiasca, na matuta ya mawe yanapanda mlimani hadi unajiuliza nani aliyabeba mawe yote yale. Mashabiki wa mbio wanaijua Liguria kwa Milano-Sanremo, ile ya karibu kilomita 300 iliyoanza 1907. Cipressa na Poggio, vilima vinavyoamua mshindi, viko hapo. Ukiviona kwenye karatasi utadharau: Poggio ni kilomita 3.7 na wastani haufiki asilimia 4. Hata mimi na kitambi changu nafika juu bila kushuka kwenye kiti.

Lakini Poggio si ya kupanda, ni ya kushuka. Barabara nyembamba, kuta za mawe na vibanda vya maua huku na huku, kona inakuja kabla hujamaliza iliyopita. Ndipo Matej Mohorič, mwendesha baiskeli wa Slovenia, aliposhindia 2022, aliteremka pale kama ana deni na dunia. Mimi nilishuka nyuma ya mama mmoja wa makamo mwenye kikapu cha mboga mbele ya baiskeli na sikumpata. Anajua kila kona, mimi sijui hata moja.

Siri ya Liguria iko juu zaidi, barabara za ndani nyuma ya pwani. Hakuna magari, vijiji vimebaki na wazee na paka, na karibu kila kijiji kina bomba la maji uwanjani. Ukiona maandishi *non potabile* usinywe, pita. Ukichoka na milima, pwani kuna njia ya baiskeli isiyo na magari iliyojengwa juu ya reli ya zamani, kama kilomita 24 kutoka Ospedaletti hadi San Lorenzo al Mare. Tambarare kabisa, na watoto wanaiweza.

Kisigino

Na Jaén tunayo ya reli pia, Vía Verde del Aceite, kilomita 128 kuelekea Puente Genil, ambako zamani treni ilisafirisha mafuta. Madaraja ya chuma ya juu sana. Ila tairi nyembamba ya mbio hapana, kuna vipande vya changarawe.

Maskati_Alfajiri

Assalamu alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, kazi Maskati, na joto ndilo darasa langu, huku majira ya kiangazi tunamaliza kuendesha kabla jua halijachomoza vizuri. Kwa hiyo nilipokwenda Kalamata, Ugiriki, mwezi wa tisa nilijiona mbabe, nyuzi 30 kwangu ni ubaridi.

Njia niliyopita ni ya kuvuka milima ya Taygetos kutoka Kalamata kwenda Sparta, wanaiita Langada. Mlima wenyewe kilele chake kinazidi mita 2,400, barabara haifiki huko lakini inakupeleka juu vya kutosha. Chini ni mizeituni kila upande. Ukiendelea mizeituni inakoma, inaanza misonobari, hewa inabadilika. Mwili uliolowa jasho ukashuka kwa kasi upande wa Sparta, ambako barabara imechongwa kwenye mwamba na mahali pengine jiwe limekufunika kichwani, lazima utetemeke. Mimi na ujuzi wangu wote wa joto sikuwa nimewahi kufikiria kuwa nitahitaji koti Ugiriki mwezi wa tisa. Bwana mmoja wa kibanda cha asali alinipa magazeti ya zamani niweke kifuani chini ya jezi. Nilidhani ananitania, kumbe ndivyo waendesha baiskeli wa zamani walivyofanya, na inafanya kazi kweli.

Jingine la Ugiriki ni mbwa. Mbwa wachunga mbuzi hawana mchezo. Ukipanda polepole wanakupata. Mimi nashuka, naiweka baiskeli katikati yangu na yeye, natembea huku naongea kwa sauti ya kawaida. Kiswahili wanakielewa, ile lafudhi ya Unguja iliwatuliza wote.

Ngosha_Mteremko

Nimecheka hapo kwenye lafudhi. Sasa gia jamani? Baiskeli yangu nyuma kubwa kabisa ni meno 28.

BintiKisauni

Kwa vilima vya nyumbani inatosha. Kwa Tramuntana weka 32 au 34 nyuma, na mbele ndogo iwe 34. Usimsikilize mwanamume anayekwambia gia nyepesi ni za wanawake, atakuwa ndiye anayetembea kwa miguu mbele yako baada ya kona ya kumi.

Kisigino

Naunga mkono. Na Hispania sheria inamtaka dereva akuachie mita 1.5 anapokupita, na madereva wa vijijini wengi wanaifuata, hata wa matrekta. Hii peke yake inafanya mtu apande kwa raha.

Kaka MshonaNyavu, ile mbio ya Februari, Clásica Jaén, inapita karibu na kwenu?

MshonaNyavu

Inapita kabisa. Imeanza 2022, na sehemu zake nzito ni njia za udongo ndani ya mizeituni, zilezile tunazopitisha matrekta, kisha inamalizikia Úbeda. Mwaka 2023 alishinda Tadej Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, alikuwa peke yake mbele. Siku hiyo tulikuwa bado tuna mashamba ya kumalizia. Msimamizi wetu si mtu wa michezo, lakini alizima mashine mwenyewe, tukasogea njiani na fimbo zetu mikononi. Pogačar akapita, hata sekunde tano hazikufika. Wenzangu wakaanza kurudi kazini, nikawaambia subirini, kuna wengine wengi nyuma. Tulikaa pale mpaka wa mwisho kabisa, kijana mmoja mwenye tairi iliyopasuka anayetembea anasukuma, na huyo ndiye tuliyempigia makofi zaidi. Msimamizi alimpa maji na akamuuliza kama anataka kazi ya zeituni.