Ulinganisho: gambuti, buti za Gore-Tex au vifuniko vya mvua kwa safari ndefu ya pikipiki?

Msafiri_Ruvuma
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa nne nashuka Mbamba Bay kutokea Dar, pikipiki ni Himalayan ya 411. Njia mnaijua: Chalinze, Mikumi, Kitonga, Iringa, halafu Makambako nakata kushoto kuitafuta Njombe na Songea. Shida yangu ni miguu. Mwaka jana nilienda na buti za ngozi za kawaida, mvua ikanipokea Ruaha Mbuyuni, na hadi nafika Mafinga kila nikikanyaga breki nasikia maji yanachuruzika katikati ya vidole. Gesti nilipovua soksi, nyayo zilikuwa nyeupe na zimejikunja kama za mtu aliyeshinda anafua mazulia.

Safari hii nimebakiwa na njia tatu. Gambuti la mpira, ambalo hata mfuko wangu unalimudu. Buti zenyewe za pikipiki zenye utando wa kuzuia maji, nimeziangalia Sidi Adventure 2 Gore-Tex na Alpinestars Toucan, bei inanifukuza. Au nibaki na buti zangu, nivalie juu vile vifuniko vya nailoni. Waliotumia waseme. Nawasilisha.

Kagera_Boda
Gambuti mkuu, mada ifungwe. Mimi niko Bukoba, huku mvua haijui likizo, na kazi yangu ni kukaa juu ya pikipiki tangu saa kumi na mbili asubuhi. Gambuti halina mshono, maji yapitie wapi? Jioni nalisuuza bombani kama ndoo, naliinamisha, asubuhi kavu.

Ila angalia mguu wa upande wa ekzosi. La kwangu la kwanza lilinata hapo siku ya tatu. Nikasikia harufu ya mpira unaungua, nikawa nalaani lori la mbele kumbe ni mimi. Pia usichukue la kupwaya. Kisigino kikicheza ndani, gia utaikosa kila saa.

Nduthi_Limuru
Kagera_Boda uko sawa kwa safari za kilomita tano tano na abiria nyuma. Huyu jamaa anakata zaidi ya kilomita elfu moja na mashine ya kama kilo 200. Ikimlalia mguu kwenye tope, hilo gambuti litamsaidia nini? Linakunjika kama soksi. Na ukiteleza lami, la kupwaya linabaki barabarani, mguu unaendelea peke yake.

Mimi nina za Gore-Tex mwaka wa tano sasa. Lakini nikuambie kosa nililofanya mwanzo. Nilitoka Mai Mahiu kwenda Narok kwenye mvua ya Aprili, suruali nimeichomeka ndani ya buti, najiona shujaa. Maji yakateremka kwenye goti, yakafuata muundi, yakaingia kwa juu. Na buti isiyoingiza maji haitoi maji pia! Nilifika Narok nimebeba lita nzima kila mguu. Niliinamisha buti nje ya hoteli, mlinzi akaniuliza kama nimevuka mto.

Suruali ya mvua iwe NJE ya buti, na ule ukanda wake wa chini uukaze. Nauliza hivi, wangapi wamesema buti yao inavuja kumbe ni suruali?

Mkaazi_wa_Bavaria
Salamu kutoka Ujerumani, mimi ni mtoto wa Moshi. Niongeze kidogo kuhusu huo utando maana watu wanaununua bila kujua kazi yake.

Gore-Tex ya asili ni PTFE iliyovutwa ikawa na vitundu vidogo mno. PTFE ndiyo ileile Teflon ya kikaango kisichoshika mayai. Bob Gore aligundua namna ya kuivuta mwaka 1969. Tone la maji halipiti kwenye vile vitundu, mvuke wa jasho unapita. Lakini mvuke hautoki kwa kupenda, unasukumwa: ndani kuwe na joto na unyevu kuliko nje. Huku Alps, nyuzi 8 na mvua, unafanya kazi vizuri sana. Chalinze mwezi wa nne, hewa ya nje yenyewe imeshiba maji, basi jasho lako linabaki humo humo. Kwa hiyo Msafiri, kutoka Dar hadi Mikumi utaloa hata mvua isiponyesha. Buti hiyo utaanza kuifaidi ukishapanda Kitonga, na Njombe utaibusu.

Jambo la pili, fungua ulimi wa buti utafute lebo yenye picha ya mwendesha pikipiki na maandishi EN 13634, ndicho kipimo cha Ulaya cha buti za pikipiki. Chini yake kuna tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2, na 2 ndiyo bora: urefu wa buti, kuhimili msuguano, kuhimili kukatwa, na kutopondeka kwa ubavuni. Ukiona WR, imepimwa kwa maji. Ukiona IPA, ina kinga ya kifundo. Buti inaweza kuandikwa "waterproof" kwa herufi kubwa dukani na isiwe na WR popote.

Bei: Gore-Tex nzuri huku zinapita yuro 300. Forma Adventure zina utando wao unaoitwa Drytex, ni nafuu kiasi, na watu wengi ninaoendesha nao wanazo.

Bi_Chumbageni
Jamani mnamtajia mwenzenu yuro wakati kashasema bei inamfukuza.

Mimi natumia vifuniko. Tanga hadi Lushoto kila mwezi, na ile barabara ya kutoka Mombo kupanda milimani ina kona ambazo mvua inakukuta upande wa kushoto, ukigeuka inakukuta wa kulia. Jua likiwaka vinakaa kwenye begi, havizidi ukubwa wa mkate. Buti zangu zinapumua siku nzima, wingu likija nasimama, dakika tatu nimevaa. Kwa mtu anayepita joto na baridi safari moja, mimi sioni cha kushindana.

Kasoro zake nazijua. Soli yake ni nyembamba, meno ya kikanyagio yanaitafuna. Seti yangu ya kwanza ilitoboka miezi minne, sasa nabandika kipande cha tyubu ya baiskeli pale unyayo unapokaa. Na vinateleza! Nilishuka sheli Korogwe, sakafu ina mafuta, mguu ukaenda zake, nikabaki nimeikumbatia pikipiki kama bibi harusi. Mimi ni mfupi, nyayo hazitui zote chini, kwa hiyo hili kwangu si dogo.

Zamani tulikuwa tunavaa rambo juu ya soksi, mambo yanaisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 natunza vifungashio vya mkate kama dhahabu. Usicheke, vinafanya kazi saa mbili.

Kagera_Boda
Dada hapo kwenye vifungashio vya mkate umenimaliza 😂 Lakini dakika tatu pembeni ya barabara ya Kitonga, malori yanashuka? Mie simo.

Bi_Chumbageni
Unavaa Ruaha Mbuyuni kaka, kabla hujaanza kupanda. Wingu la Kitonga linaonekana kutoka mbali.

Fundi_Ilala
Nashona viatu mwaka wa ishirini sasa, niwape ya upande wangu.

Buti nyingi za utando ninazoletewa zimeharibiwa na sisi mafundi. Soli ikiachia, mteja anasema "piga uzi fundi." Napiga uzi, sindano inatoboa utando kila nusu sentimita, kuzunguka mguu mzima. Kwa macho imependeza. Mvua ya kwanza anarudi na ugomvi. Buti ya utando ni gundi tu, na ukanda wa kushika hadi ikauke. Fundi akichukua sindano, mnyang'anye buti uondoke.

Wanaonunua mtumba pale Karume, angalieni soli kwanza. Kuna soli za povu la polyurethane, zikikaa ghalani miaka bila kuvaliwa unyevu unazila kwa ndani. Juu buti inang'aa kama mpya, wiki ya pili soli inamumunyuka kama keki. Bonyeza kwa ukucha pembeni. Ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga, rudisha.

Halafu pima. Kunja gazeti kavu, jaza ndani hadi kwenye vidole, zamisha buti kwenye beseni maji yafike juu ya kifundo, weka jiwe, kanywe chai. Nusu saa. Gazeti halijui kudanganya.

Mwisho msikaushe kwa moto wala juu ya injini. Gundi inalegea, ngozi inapasuka. Gazeti ndani, badilisha kila saa moja, basi. Na ngozi ya nje ipakeni nta. Utando hautaingiza maji hata ngozi ikiloa, lakini ngozi iliyoloa ni nzito, baridi, na jasho halina pa kutokea.

Nduthi_Limuru
Fundi hiyo ya sindano imeniuma. Nina jozi ilivujia hivyo hivyo na nilimlaumu aliyeniuzia.

Msafiri, ukichukua buti nene mbele ya vidole kumbuka kuinua kile chuma cha gia kidogo kabla ya safari. Mimi siku ya kwanza buti haikuingia chini yake, nilipanda mlima mzima na gia ya pili.

Msafiri_Ruvuma
Wakuu nimewasoma wote, na bora nilivyouliza. Gambuti naliacha, si kwa sababu ya maji ila kwa sababu ya kifundo. Yuro 300 pia sina. Nilishaanza kuegemea kwa Bi_Chumbageni, ila leo mchana nimepita Karume nikakuta jozi ya mtumba, ngozi nzito, kinga ya kifundo ipo, lebo ina 2 tatu, na WR inaonekana vizuri kabisa. Jamaa kanikubalia niende nayo nyumbani kwa kuacha hela yote.

Nimebonyeza soli kwa ukucha, ngumu. Nimepima kwenye beseni la mama watoto, nusu saa kamili. Kushoto gazeti limetoka kavu, unasoma hadi matangazo madogo. Kulia limeloa upande wa kidole kidogo. Nilipoigeuza chini ya taa nikaona mstari wa uzi mweusi, mpya kuliko buti yenyewe.

Fundi_Ilala
Mwenzangu huyo kashapita. Rudisha kesho mapema kabla hajasahau sura yako.

Bi_Chumbageni
Na vifuniko namba ngapi nikuulizie huku?

Msafiri_Ruvuma
44, mguu mpana. Na kipande cha tyubu dada, usisahau.