MREJESHO: Wakili aliyetaka faili la mgonjwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa nifanyeje baada ya wakili kuja masjala na barua yake tu, akitaka faili zima la majeruhi wa bodaboda. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa kituo chetu huku Kigoma.

Nilifuata ushauri wenu: sikutoa kitu, nikampeleka kwa mganga mfawidhi (mkuu wa kituo). Akaambiwa alete ridhaa ya mgonjwa kwa maandishi au amri ya mahakama. Alifoka, akataja vyeo (nilikaa kimya, kama mlivyonifunza), siku ya nne akarudi na ridhaa yenye dole gumba. Tukampa nakala za kurasa za ajali pekee, zenye muhuri, akasaini rejesta. Faili lenyewe halikutoka.

Nilipoteleza ni kabla sijawauliza. Askari aliyeleta PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) nilishampa nakala ya kila kitu, hata jibu la kipimo cha VVU, ambalo kwa Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 ni siri. Tumeomba zirudishwe, ukurasa mmoja bado haujaonekana. Mgonjwa tumemwambia. Hakufurahi, na ana haki.

Asanteni, hasa uliyesisitiza rejesta.