Viwavijeshi vamizi Urambo: nipige dawa ekari zote tatu?

FundiBani: Habari za jioni wakuu. Nina ekari tatu za mahindi hapa Urambo. Mbili zilipandwa na mvua za kwanza, ndevu zimeanza kukauka. Moja ilichelewa kwa kazi za tumbaku, ndiyo kwanza inafika kiunoni. Jana nimetoka bani, kwenye banda la kukaushia tumbaku, nikapita huko, majani yametoboka matundu matundu na moyoni mwa mhindi kuna uchafu kama vumbi la msumeno. Muuza dawa ananiambia nipige zote, tena nichanganye dawa mbili. Hela ya tumbaku bado. Nifanyeje?

KijanaWaNzega: Piga zote mkuu, utakosa hata debe.

MzeeWaUsoke: Mwangaluka mwanangu. Weka bomba chini kwanza, ukahesabu.

Fumbua moyo wa mhindi, toa kiwavi mmoja, mtazame. Akiwa na alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na vidoti vinne vya mraba karibu na mkia, ni kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeingia nchini mwaka 2017. Wale wa zamani hutembea kundi zima; huyu hujificha ndani ya mhindi. Ndiyo maana watu wanaona mihindi mitatu ya njiani imechakaa, wanakimbilia dukani.

Ingia ndani ya shamba. Tembea kwa umbo la W, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mihindi 20 mfululizo. Hesabu ile yenye majani mapya yaliyoliwa au kinyesi kibichi moyoni. Matundu ya majani ya chini achana nayo, aliyeyatoboa huenda ameshashuka ardhini. Mahindi ya chini ya goti, mihindi 20 kati ya 100 ikishambuliwa unapiga. Ya kiunoni yanavumilia hadi kama 40.

Ukipiga, piga jioni, dawa iingie moyoni. Iwe ile ambayo lebo yake inataja mahindi. Iliyobaki ya tumbaku iache huko huko. Na hiyo ya kuchanganya mbili, mwenye duka anauza, mwanangu.

Zile ekari mbili usiziguse. Kiwavi akishaingia kwenye gunzi dawa haimfikii, na watoto karibu wataanza kuchuma mabichi wachome.

MamaBuhigwe: Naongezea kutoka Kigoma. Mayai yanakaa kwa fungu, mara nyingi 100 hadi 200, yamefunikwa na manyoya ya kijivu. Joto likiwepo yanaanguliwa ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo kupita mara moja kwa wiki hakutoshi. Ukiona fungu, lisage kwa kidole. Kwenye viwavi wadogo sisi tunatia majivu makavu moyoni. Kazi ya mgongo, lakini kwa ekari moja inawezekana.

FundiBani: Shikamoo mzee. Nimehesabu ekari changa, 23 kwa 100. Majivu bani hayakosekani, naanza nayo na dada asante. Ikifika 40, nikapiga, halafu wakarudi, nikitaka kubadili nipige dawa ya kundi tofauti, yaani yenye sumu ya aina nyingine, naijuaje?

MzeeWaUsoke: Marahaba. Usitazame jina kubwa la biashara, majina tofauti manne yanaweza kuwa sumu ile ile. Soma jina la sumu kwa maandishi madogo, na namba ya kundi kama ipo. Kama haipo, piga picha lebo umtumie bwana shamba wa kata kabla hujatoa hela.