Kihamba kiwekwe rehani kwa ajili ya ada ya uhandisi?

Wakuu, salaam. Naleta jambo la nyumbani kwetu, ila najua haliko kwetu peke yetu. Kaka yangu wa Marangu ana binti aliyemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na amefaulu vizuri. Anataka uhandisi wa umeme. Wakala mmoja kawaonyesha chuo binafsi cha nje ya nchi: ada na malazi kwa miaka minne ni shilingi milioni 40. Kaka ana nusu. Milioni 20 zilizobaki anataka kukopa SACCOS, dhamana iwe kihamba, yaani shamba letu la ukoo la kahawa na migomba, mdhamini niwe mimi. Mimi nasema hapana. Nitaeleza sababu, nanyi mnipinge.

Ninasuka mota, yaani nazirudishia nyaya zilizoungua, hapa Njoro, Moshi, mwaka wa 19 sasa. Shahada sina, lakini siidharau hata kidogo. Mwaka jana alikuja kijana aliyemaliza uhandisi, akaomba kujitolea. Nikampa mota ya mashine ya kukoboa iliyoungua. Waya wa milimita 1.0 ulikuwa umeadimika mji mzima na mteja anapiga simu kila saa. Kijana akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya risiti, akasema tupitishe waya miwili ya 0.71 sambamba, ukubwa wa shaba unakuwa uleule. Tukasuka hivyo. Mota inazunguka hadi leo. Huyo kasoma chuo cha umma cha hapahapa, kwa mkopo wa serikali wa Bodi ya Mikopo.

Kwa hiyo elimu siigombi. Ninachogomba ni tarehe za kulipa. Chukulia riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 48. Rejesho linakaribia 590,000 kila mwezi, na mpaka deni liishe umelipa zaidi ya milioni 28. Linaanza mara moja, binti hata ratiba ya vipindi hajaizoea. Shahada yenyewe ni miaka minne, kisha anahitaji walau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili kama mhandisi mtaalamu. Yaani deni lote linalipwa kabla hajapata muhuri wake. Nani analipa? Kaka, kwa kahawa na ng'ombe wawili. Kahawa inauzwa kwa msimu, rejesho linadaiwa kila mwezi.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nao ni deni, na watu wanaulalamikia. Ila aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake: akipata laki tisa, anakatwa 135,000. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Anayelipa ni yule aliyesoma, tena akiwa na mshahara mkononi. Na kihamba kinabaki. Kaburi la baba yetu liko pale, katikati ya migomba.

Mwalimu wa fizikia, Kiboriloni
Ndugu yangu, kwa kihamba niko upande wako. Lakini mbona husemi kama binti ameomba mkopo wa Bodi? Na kama ufaulu wake ni wa juu kabisa, tangu 2022/23 kuna Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi, na uhandisi umo. Kila mwaka naona wazazi wanahangaika na mawakala huku dirisha la maombi linafungwa.

Fundi, Unga Limited, Arusha
Mangi, mlete Chuo cha Ufundi Arusha. Kimekuwepo tangu 1978, kilijengwa kwa msaada wa Wajerumani, na kule Kikuletwa wanafunzi wanajifunza umeme wa maji. Stashahada miaka mitatu, akitoka na GPA ya 3.0 mlango wa shahada uko wazi. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha hata stashahada kwa fani kadhaa.

Mhandisi wa maji, Arusha
Kaka zangu, naomba niwapinge wote watatu kwa heshima. Mwaka wangu niliomba mkopo nikakosa. Watu wazima wa ukoo wakakaa, wakasema asubiri mwaka mmoja. Mama yangu alijua mwaka mmoja wa kusubiri kwa msichana unageuka nini: wa kwanza kubisha hodi ni washenga. Akauza shamba la Usa River. Leo michoro inasubiri sahihi yangu. Nawafahamu mafundi sanifu wanaonizidi mikono, lakini sahihi hiyo hawana. Na huyu binti ana PCM nzuri, mnamrudisha stashahada miaka mitatu halafu shahada minne mingine? Mtoto wa kiume mngemwambia hivyo?

Narudi mimi mwenye mada. Dada, hapo kwenye kusubiri umenipata. Nilikuwa nimepanga kumwambia kaka "mwakani", na neno hilo nalifuta. Fundi wa Unga Limited, njia yako ni nzuri kwa aliyetoka kidato cha nne. Huyu wetu aende shahada moja kwa moja.

Ila dada, mama yako aliuza, hakukopa. Shamba liliondoka siku moja, uchungu ukaisha, ukasoma bila mtu kugonga mlango mwisho wa mwezi. Kaka yangu anataka kuanza kudaiwa leo kwa kitu kitakacholeta pesa baada ya miaka, na akishindwa atapoteza ardhi na pengine binti arudi akiwa mwaka wa pili. Hilo ndilo ninalolikataa. Milioni 20 alizonazo tayari zinamsomesha chuo cha umma hapa nchini: ada ya miaka minne haifiki hata nusu yake, inayobaki ni chakula, malazi na kompyuta. Mkopo wa Bodi ukitoka, ni nafuu juu ya nafuu.

Na kile chuo cha nje, wakala hajaonyesha karatasi hata moja ya Tume ya Vyuo Vikuu kwamba kinatambulika, wala hakuna aliyeiuliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama shahada yake wanaipokea. Milioni 40, jamani, na hakuna aliyeuliza!

Jumamosi napanda Marangu. Fomu ya udhamini iko hapa karakana, sijaisaini. Mwalimu, shikamoo. Binti akija kwako Jumatatu, utamsaidia na maombi?

Mwalimu wa fizikia, Kiboriloni
Marahaba. Aje saa nne asubuhi. Abebe namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa. Kama cheti hakijahakikiwa RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, tutaanza na hicho.