Bustani gani ya mabembea Uingereza ungeirudia hata wasipoongeza kitu?

Baba Wawili, Preston
Kila Pasaka ikikaribia matangazo ni yale yale: mpya, ndefu kuliko zote, kali kuliko zote. Tangu bustani ya Thorpe Park wafungue rolakosta yao Hyperia 2024 (treni ya michezo inayopanda na kuporomoka kwa kasi), futi 236 kwenda juu, wanangu hawana wimbo mwingine. Mimi nauliza kinyume. Tuseme kuanzia leo hakuna kinachoongezwa popote. Ungerudi wapi, na kwa nini?

Langu ni Blackpool, Pleasure Beach. Grand National ni rolakosta ya mbao ya 1935. Treni mbili zinatoka bega kwa bega zikishindana, na mkimaliza mzunguko mnajikuta upande mwingine wa stesheni, siyo ule mlioondokea, kwa sababu reli ni moja tu iliyojisokota ikaja kujishika mkia. Mdogo wangu aliposhuka aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akanikamata suruali: "Baba, mama tumemwacha wapi?" Mama yake yuko ng'ambo ya reli anatupungia kanga. Nimepanda mara nyingi na bado napenda kuwatazama wageni wakishuka wamepigwa na butwaa. Kipya cha nini?

Binti wa Coventry
Kaka, mbao hizo zinatikisa mtu mpaka meno. Mimi Alton Towers, na sihami. Pale hairuhusiwi kujenga kitu kikapita vilele vya miti, basi walipotaka rolakosta ya Nemesis, mbunifu wao John Wardley na wenzake wakaishusha ndani ya shimo la mwamba. Ilifunguliwa 1994. Unaning'inia miguu hewani, jabali linakupita ubavuni. Ukitosheka kuna bustani za maua, bonde zima, na chemchemi yenye mnara wa Kichina. Sisi wakubwa tunakaa huko na chupa ya chai na vitumbua mpaka watoto wachoke wenyewe.

Mtu wa Slough
Dada, Nemesis haimo kwenye swali. Waliifunga Novemba 2022, wakang'oa reli, wakaifungua tena Machi 2024 kwa jina la Nemesis Reborn. Hicho ni kitu kipya. Masharti ya mtoa mada umeyavunja.

Binti wa Coventry
Njia ni ile ile, shimo ni lile lile. Nyumba ya mama yako ikiezekwa mabati mapya, basi si nyumba ya mama yako tena?

Mtu wa Slough
Mama yangu ameingiaje hapa? Jibu hoja.

Binti wa Coventry
Nimejibu. Soma taratibu.

Baba Wawili, Preston
Jamani, tusigombane. Mnaotaka ya zamani isiyoguswa jina, hapo Blackpool kuna Flying Machine ya 1904. Vibehewa vimening'inizwa kwa kamba za chuma, mlingoti unazunguka, kadiri unavyoshika kasi ndivyo mnavyotupwa nje kama kishada. Aliibuni Sir Hiram Maxim. Ukiipanda unaona kazi ya mtu aliyependa watu wafurahi.

Mmatumbi wa Leeds
"Mtu aliyependa watu wafurahi."

Mzee, sentensi hiyo nimeirudia mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. Hiram Maxim ndiye aliyetengeneza bunduki ya rashasha, 1884, ikabeba jina lake. Kwetu waliiita bombomu. Wapogoro na Wambunga walipolivamia boma la Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905, wamejipaka maji ya Kinjikitile, wameambiwa risasi zitayeyuka, silaha iliyowasubiri ni hiyo. Furahi na bembea yako, lakini usinipambie mtu huyo.

Mtu wa Slough
Bombomu za Mahenge zilikuwa za Mjerumani, si za Maxim. Historia tusiichanganye.

Mmatumbi wa Leeds
Muundo ni wa Maxim, na kiwanda cha Berlin kilizitengeneza kwa kibali chake. Ukikodisha panga kwa jirani ukijua anakwenda kukata watu, umejitoa wapi?

Mpwani wa Mkunazini
Ndugu zangu, simtetei mtu. Ila Unguja tuna habari yetu. Agosti 1896, Waingereza walipolipiga jumba la mfalme kwa mizinga ya meli, Khalid bin Barghash alikuwa nazo bunduki za Maxim ndani. Hazikumfaa kitu. Dakika 40 hivi, kwisha kazi, na watu kama mia tano upande wetu wakafa au kujeruhiwa. Na Pleasure Beach nayo inahesabu kuanza kwake 1896. Mwaka ule ule. Hilo nimeliona sasa hivi nikihesabu, na limenikaa vibaya.

Mtu wa Slough
Dakika 38, si 40.

Mpwani wa Mkunazini
Zifanye 38, shehe. Hao maiti utawapunguza pia?

Mwalimu Mstaafu, Northampton
Wanangu, nikubalieni mambo mawili.

La kwanza, Maji Maji iliua watu wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi. Mjerumani alichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi, na watu waliendelea kufa hata vita vilipotulia 1907. Tukiyabebesha yote bombomu tunampunguzia mchomaji dhambi yake.

La pili, huyo Maxim. Alikuwa Mmarekani aliyechukua uraia wa Uingereza, na alichokihangaikia miaka mingi ni kuruka. 1894, huko Kent, alijaribu ndege kubwa ya mvuke ikajiinua kidogo kutoka kwenye reli zake, ikaharibika. Bembea aliibuni ili apate fedha za kuendeleza majaribio, hivyo furaha ya watu haikuwa shabaha yake. Wakati huo alikuwa ameshaharibika masikio kwa mlio wa bunduki aliyoiunda mwenyewe.

Binti wa Coventry
Shikamoo mwalimu. Hapo nimejifunza. Lakini tufanye nini sasa, tususie? Nchi hii ukianza kuuliza kila jengo limejengwa kwa fedha gani hutapata pa kukaa. Nakuuliza kwa moyo safi, kaka Mmatumbi, maana nina watoto na wataniuliza.

Mmatumbi wa Leeds
Sijasema tususie, dada. Naomba lisemwe tu.

Bibi yangu alituhadithia habari za mama yake. Yule bibi mzee, mahindi yakianza kupasuka kikaangoni, alikuwa anatoka nje. Kila mara. Anakwenda kukaa chini ya mwembe mpaka bisi ziishe kupasuka, halafu anarudi anakula kama wengine. Hakuwahi kusema kwa nini, na watoto walidhani ni moshi. Mimi nimekua nikidhani ni moshi.

Sasa nikifika kwenye bustani hizo, lango la kwanza tu unakutana na mashine ya bisi. Mwanangu anataka, namnunulia. Nasimama pembeni.

Baba Wawili, Preston
Ndugu Mmatumbi, neno lile nimelirudisha. Nililiandika bila kufikiri, nakuomba radhi. Blackpool nitarudi, siwezi kusema uongo, na Grand National nitapanda. Ila tukifika kwenye Flying Machine nitawaambia wanangu aliyeibuni alikuwa nani. Mkubwa ana miaka kumi na moja, anaweza kulibeba jambo hilo.

Mtu wa Slough
Sawa. Lakini mtoa mada, unazungumza kana kwamba kutoongeza ndiyo kuhifadhi. Wild Mouse yao ya mbao, ya 1958, iliondolewa baada ya msimu wa 2017 bila hata kuagwa. Watu walikuja kusikia imeshavunjwa. Oakwood kule Wales imefungwa moja kwa moja 2025, na Megafobia, rolakosta ya mbao iliyopendwa na watu, ikabaki bila abiria. Swali lako lingekuwa: ni wapi hawatatung'olea kile tunachokirudia?

Baba Wawili, Preston
Big Dipper ya 1923 na Grand National zimo kwenye orodha ya vitu vinavyolindwa kisheria. Wild Mouse haikuwahi. Nakubali, nilipaswa kuuliza hivyo.

Mpwani wa Mkunazini
Basi mimi nawatajia Great Yarmouth, hakuna aliyeigusa. Rolakosta ya mbao ya 1932 ufukweni, na breki zake si za mashine: kuna mtu anapanda pamoja nanyi kwenye treni, anafunga na kufungua kwa mkono wake. Margate wanayo kama hiyo, ya 1920. Mara ya kwanza nilikaa karibu naye. Kwenye mteremko wa mwisho nikamwambia usifunge. Hakunijibu, alitazama mbele, mkono kwenye wenzo, na hakufunga mpaka chini kabisa. Nimekumbuka mabembea ya Idi pale Mnazi Mmoja, yule kijana anayekusukuma akikujua utampa shilingi ya ziada.

Mmatumbi wa Leeds
Mtoto wa miaka saba anaruhusiwa?

Mpwani wa Mkunazini
Wanapima urefu, si miaka. Ana kimo gani?

Mmatumbi wa Leeds
Ngoja nimwite, amelala kwenye kochi. Nitampima akiamka.