Je, ramani ya nyota inaweza kunionyesha mtindo wangu wa kuongoza?

Mkaazi wa Donholm anauliza:

Hamjambo nyote. Hivi majuzi nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa huduma kwa wateja katika sacco moja hapa Nairobi, na chini yangu wamo wahudumu kumi na mmoja, baadhi yao wakiwa wamenizidi umri na miaka ya kazi. Mwajiri ametuletea mshauri anayetumia mfumo uitwao Human Design, ambao huchukua tarehe, saa na mahali alipozaliwa mtu, ukamchorea ramani inayosemekana kueleza namna anavyopaswa kuamua mambo na kuongoza wenzake. Yangu imesema kwamba mimi ni Projekta, yaani mtu ambaye nguvu yake ni kuona vipawa na kasoro za wengine, lakini ambaye hapaswi kutoa mwongozo kabla hajaalikwa. Niliposoma maelezo yale nilijiona waziwazi: napenda kutazama kabla ya kunena, vikao virefu hunichosha, na huumia nifanyapo jambo lisitambuliwe.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe hainialiki. Wiki iliyopita mhudumu mmoja alimkaripia mzee aliyekuja kuulizia gawio lake, mbele ya foleni nzima, na ilinipasa kuamua papo hapo kama nimwite kando au nisubiri aje mwenyewe. Je, mifumo hii ina msingi wa kutegemewa? Na nikitaka kujua mtindo wa uongozi ulio wangu kwa asili, niutafute wapi?

Mjukuu wa Lamu, South C:

Dada, hongera kwa cheo. Kwanza ujue ramani hiyo imetoka wapi, kwa sababu watu wengi huidhania kuwa elimu ya kale. Mwanzilishi wake ni Mkanada aliyezaliwa kwa jina la Alan Robert Krakower, akajiita Ra Uru Hu, na ambaye alidai kwamba mnamo Januari 1987, akiwa katika kisiwa cha Ibiza nchini Uhispania, alisikia sauti iliyomfundisha mfumo wote. Ndani yake mmechanganywa unajimu wa Kimagharibi, alama 64 za I Ching, kitabu cha kale cha ubashiri cha Wachina, Kabala, yaani elimu ya fumbo ya Kiyahudi, na chakra za Wahindi, yaani vituo vya nguvu mwilini.

Sisi watu wa Pwani tuna falaki yetu, na haianzii kwenye tarehe. Mzee hujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako kwa hesabu ya abjadi, akagawanya kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha nyota yako. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa tarehe 10 Agosti atakuwa Simba katika gazeti, lakini kwa jina lake na la mamake huenda akawa Mizani au Ndoo. Gazeti litamwambia aamrishe, mzee atamwambia asuluhishe, na Human Design huenda ikamwambia asubiri. Sijui mwajiri wako angemchagua yupi kati ya hao watatu ampe kitengo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo washauri wa kigeni hawalijui. Mifumo hii yote ya ramani hutegemea saa ya kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha Kenya huonyesha tarehe na mahali, si saa, kwa hiyo wengi wetu humpigia mama simu kumuuliza. Mama akisema ulizaliwa saa tatu asubuhi, fomu inataka 9:00, lakini nimeona watu wakiandika 3:00 bila kusita. Hapo umesogeza kuzaliwa kwako nyuma kwa saa sita. Tali, yaani buruji (moja ya zile nyota kumi na mbili) inayochomoza mashariki wakati wa kuzaliwa, hapa karibu na ikweta hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, kwa hiyo itakuwa imeruka buruji tatu, na mwezi nao umesogea. Hebu angalia fomu yako uliandika nini. Sisemi kwamba ukiirekebisha utapata ukweli. Ninachotaka utazame ni kama ramani mpya nayo utajiona ndani yake waziwazi.

Mhadhiri wa Kahawa:

Swali hilo la mwisho ndilo kiini. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini kwamba ameandikiwa yeye peke yake, akawaomba wayapime usahihi. Kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5, kumbe wote walikuwa na karatasi ya maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa barabarani. Sasa rudia sifa zako tatu, dada. Ni nani katika kitengo chako asiyechoshwa na vikao virefu? Ni nani asiyeumia kazi yake isipotambuliwa?

Wanajimu wenyewe walipimwa pia. Katika utafiti wa Shawn Carlson uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 1985, walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia yaliyotokana na kipimo cha kisaikolojia, wachague lililo lake. Walipatia mara moja kati ya tatu, sawa na mtu anayekisia.

Kuhusu mtindo wa asili, tazama kazi ya Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White ya mwaka 1939. Waliunda vikundi vya wavulana vilivyoongozwa kwa amri, kwa kushirikishwa, au kwa kuachiwa wajifanyie. Kinachosahaulika ni kwamba watu wazima wale wale walihamishwa kutoka mtindo mmoja hadi mwingine, na mwenendo wa wavulana ukabadilika kufuata mtindo. Kwa hiyo tafuta wako katika maamuzi uliyokwisha kuyatoa: nani ulimshauri, nani ulimkwepa, ulichelewa wapi. Kisha waombe wahudumu wako wayaandike hayo hayo bila majina, maana wao wanakuona kwa upande ambao wewe huuoni. Na yule aliyemkaripia mzee, mwite leo.

Afisa wa Wafanyakazi, Ruaka:

Nakubaliana na mhadhiri kuhusu ushahidi, lakini naona anaipuuza faida moja. Nimekaa katika vikao ambamo mfanyakazi mnyamavu, ambaye hangethubutu kumwambia mkubwa wake kwamba anahitaji muda kabla ya kujibu, alilisema hilo kwa sababu karatasi ilimtangulia kulisema. Mazungumzo yale yalikuwa na thamani hata kama karatasi haikuwa nayo. Ninachokataa ni karatasi hiyo hiyo kutumiwa kumpa mtu kazi au kumnyima. Tena katika kitengo cha watu kumi na mmoja hapa Nairobi hakosi kuwamo Mkristo au Mwislamu ambaye kutazamiwa nyota kwake ni kosa la kidini, na kumlazimisha kutavunja imani yake kwako kabla hujaanza kumwongoza.

Mkaazi wa Donholm:

Ahsanteni sana. Nimemuuliza mama tena, akasema nilizaliwa saa mbili usiku, na kwenye fomu nilikuwa nimeandika 2:00. Ramani mpya imenifanya Jenereta, ambaye huambiwa aitikie mambo yanayomjia badala ya kusubiri mwaliko, na nakiri kwamba nayo ilinifaa kabisa. Mhudumu nilizungumza naye. Sasa mshauri anataka saa za kuzaliwa za wahudumu wote kumi na mmoja kufikia Ijumaa.

Afisa wa Wafanyakazi, Ruaka:

Usizikusanye kwa mdomo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayechukua taarifa za mtu amweleze zinachukuliwa kwa nini na nani atazipata. Mwombe mwajiri aandike barua inayosema hivyo, inayotamka kwamba kushiriki ni hiari na kwamba ramani haitaingia katika faili ya mfanyakazi wala katika tathmini ya mwaka. Asipokubali kuitia sahihi, utakuwa umeshajua alikusudia kuzitumia vipi.

Mhadhiri wa Kahawa:

Akikubali, mwombe mshauri aandae maelezo yote bila majina wala aina, ayachanganye, na kila mhudumu achague lililo lake kabla hajaambiwa lipi ni lake. Hilo halihitaji hata nusu saa.